Jina Limo? Historia ya Misaada Bondeni Jangwani

Anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro hushuka bondeni Jangwani, huvuka Mto Msimbazi, kisha hupandisha kuelekea Faya. Kwa basi la mwendokasi ni dakika chache tu. Lakini katika kipande hicho kifupi cha mji na pembezoni mwake, misaada na mikopo ya nje imewafikia watu kwa sura nyingi. Imekuja kama unga, kama viwanja, kama mitaro, kama ruzuku ya kaya, kama mahema, kama barabara ya mabasi, na sasa kama fidia ya nyumba zinazobomolewa.

Huko juu, kwenye meza za Hazina na Benki ya Dunia, mabishano huwa juu ya kiasi na masharti. Huku chini, kwa nusu karne, watu wameuliza kitu kimoja: orodha anaandika nani, na jina langu limo? Historia ya ugawaji wa misaada Jangwani ni historia ya orodha hizo. Ukizifuata moja baada ya nyingine utagundua kuna mtu anayekosekana karibu katika zote, naye ni mpangaji.

Unga wa Yanga

Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere aliikataa misaada ya Ujerumani Magharibi, kwa sababu serikali ya Bonn ilitaka kuitumia kuamua uhusiano wa Tanzania na Ujerumani Mashariki. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likaonya kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine haiwezi kujitawala sawasawa. Hata hivyo, kufikia katikati ya miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopendwa mno na wahisani. Sweden, Norway, Denmark na Finland zilitoa kwa moyo, na Benki ya Dunia nayo ilikopesha bila kusita.

Kisha likaja baa. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliwakuta mamilioni ya wakulima wakiwa katikati ya kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba ya zamani yameachwa na mapya hayajalimwa. Chakula kikaadimika, na bandarini Dar es Salaam yakashushwa mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu wa mjini, waliozoea sembe nyeupe, wakaupachika unga huo jina bila kuchelewa: unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ambayo makao yake yako Jangwani, kwenye kona ya mitaa ya Jangwani na Twiga. Shabiki wa Simba naye aliula. Hakuwa na hiari.

Njia ya unga huo kutoka melini hadi sufuriani inafaa kufuatiliwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954 iliyosimamia msaada wa chakula iliruhusu sehemu kubwa ya nafaka itolewe kwa mkopo nafuu: serikali inayopokea inaiuza kwa wananchi wake, na shilingi zinazopatikana zinaingia katika matumizi ya serikali. Kwa hiyo kilichoitwa msaada bandarini kilikuwa na bei dukani. Mahindi yalipitia kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, unga ukagawanywa kupitia mashirika ya biashara ya umma na maduka ya ushirika, na mwisho wa mnyororo huo alisimama balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kila kundi la nyumba kumi.

Mkondo huo uliinufaisha Dar es Salaam kuliko vijiji, kwa kuwa mji huu ndio uliokuwa mnunuzi mkubwa wa unga wa NMC. Ruzuku iliyoshusha bei ya sembe, hadi ilipoondolewa mwaka 1984, ilikuwa kwa kiasi kikubwa ruzuku ya mtu wa mjini. Mkulima aliyehamishwa aliambiwa alime.

Lakini hata ndani ya mji si kila mlaji alikuwa na jina orodhani. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilizidi kuadimika: sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga. Foleni zikawa ndefu, watu wakiweka mawe kuwashikia nafasi. Mfumo wa nyumba kumi, ambao chama tawala, TANU, kiliuanzisha katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya siasa na ulinzi, ukawa ghafla daftari la chakula. Balozi ndiye aliyejua nyumba fulani ina watu wangapi, nani mgeni na nani mwenyeji. Kujuana naye kulikuwa na thamani ambayo haikuandikwa popote.

Aliyekosa nafasi katika daftari hilo ni kijana aliyekuja mjini jana kutafuta riziki na kupanga chumba kimoja na wenzake. Kwake yeye kujitokeza kuandikishwa kulikuwa na hatari yake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwalenga wasio na kazi inayotambuliwa, na waliokamatwa mjini wakaitwa wazururaji na kurudishwa mikoani. Jina lililoweza kukupatia kilo mbili za unga ndilo lililoweza kukupandisha lori.

Viwanja vya maskini

Orodha ya pili iliandikwa nje kidogo ya Jangwani. Mwaka 1974, na tena 1977, Benki ya Dunia ilikopesha Tanzania fedha za mradi wa viwanja na huduma. Wazo lilikuwa zuri: serikali ipime viwanja, ilete maji na barabara, kisha mtu wa kipato cha chini ajenge mwenyewe pole pole kwa mkopo wa Benki ya Nyumba Tanzania. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa. Manzese, iliyokuwa imejengwa holela, ikapewa barabara na maji bila kubomolewa, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni katika miji ya Afrika.

Tatizo likawa masharti ya orodha. Kupata kiwanja na mkopo kulihitaji kipato kinachothibitika, fomu, ramani ya nyumba inayokubalika na uwezo wa kujenga kwa muda uliowekwa. Karani wa serikali alikuwa navyo vyote. Muuza samaki wa sokoni Kariakoo, hata kama faida yake kwa mwezi ilizidi mshahara wa karani, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Viwanja vingi vikaangukia kwa watumishi wa umma na watu wenye fedha taslimu, wengine wakinunua haki ya maskini aliyeshindwa kujenga. Sinza ya leo, yenye hoteli, baa na nyumba za ghorofa, ni matunda ya mradi uliokusudiwa kwa watu ambao wengi wao walibaki wakipanga Kariakoo, Magomeni na Tandale.

Mitaro ya Hananasifu

Ng'ambo ya bonde, upande wa Kinondoni, orodha iliandikwa kwa namna nyingine. Hananasifu ni mtaa uliojijenga wenyewe kwenye mteremko wa Msimbazi, na kila masika maji yalikuwa yakipita ndani ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na Ford Foundation walikubaliana na Halmashauri ya Jiji, pamoja na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, kujaribu jambo ambalo wahisani wengi wa wakati huo hawakulithubutu: kumpa mkazi mkataba.

Wakazi waliunda chama chao, chama kikaingia mkataba kama mkandarasi, na watu wa mtaa wenyewe, wakiwemo wanawake wengi, wakachimba na kujenga mitaro kwa malipo. Wakazi nao walichangia sehemu ya gharama. Fedha za nje, badala ya kupita juu ya vichwa vya watu kwenda kwa kampuni, zilikaa mtaani kama ujira wa siku. Mitaro ile iliongoza maji, na njia za ndani zikapitika.

Hata hapa mpangaji alipata na kukosa kwa pamoja. Mtaa usiojaa maji ni mtaa wa thamani zaidi, na thamani ikipanda kodi hupanda nayo. Aliyebeba zege kwa mikono yake huenda ndiye aliyetangulia kuhama. Wataalamu waliofuatilia mradi waliliona hilo, lakini hakukuwa na kipengele chochote katika makubaliano kilichomzuia mwenye nyumba kupandisha kodi.

Fomula na kaya

Miaka ya 2000 ilileta lugha mpya. Baada ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni, Tanzania ilianza kupokea fedha nyingi moja kwa moja katika bajeti kuu, zikichanganyika na kodi. Sasa mgawo ukawa suala la hesabu. Katika ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri iliyoanza mwaka wa fedha 2004/05 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani wengine, kila halmashauri iliyofuzu vigezo vya utawala bora ilipata fungu kwa fomula: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa kiwango cha umaskini na 10 kwa ukubwa wa eneo. Ilikuwa hatua kubwa. Waziri au mbunge mwenye sauti nene alipungukiwa na nafasi ya kuvutia fedha kwao.

Ila fomula huishia mlangoni mwa halmashauri. Haijui Jangwani imejaa maji au la, wala haijui tofauti kati ya Upanga na bondeni. Ndani ya Manispaa ya Ilala, ambamo Jangwani imo, fedha ziligawanywa kwa vikao, na vikao vina wenye sauti.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanzishwa mwaka 2000, ulikwenda hatua moja zaidi. Awamu zake za kwanza zilijenga madarasa na zahanati. Awamu ya tatu, kuanzia mwaka 2012, ikapeleka fedha taslimu kwa kaya maskini, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na michango ya Uingereza, Sweden na wengineo. Utaratibu ulianzia kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa: wananchi wanataja kaya zilizo hoi, dodoso linapita nyumba kwa nyumba, majibu yanakwenda makao makuu kuhesabiwa, kisha orodha inarudi kusomwa mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza maskini alikuwa na haki ya kusikia jina lake likitajwa, na jirani alikuwa na haki ya kupinga.

Vijijini utaratibu huu ulifanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa watu wanajuana tangu utotoni. Mjini, mkutano wa mtaa mchana wa siku ya kazi huwakuta wapangaji sokoni, kwenye kazi ya mama lishe, au wamesimama Mtaa wa Msimbazi na mzigo wa bidhaa begani. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa upande mwingine, serikali ilipohakiki kuanzia 2015 na 2016, maelfu ya majina yaliondolewa nchini kote kama kaya hewa: waliokufa, waliohama, viongozi waliojiandika, na wasiokuwepo kabisa. Orodha ilikuwa imewaacha baadhi ya walio hai na kuwalipa baadhi ya wasiokuwepo.

Desemba 2011

Kuanzia tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa siku tatu kwa kiasi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hakijaonekana tangu mwaka 1954. Msimbazi ulivunja kingo. Jangwani, Mchikichini, Kigogo, Hananasifu na Magomeni zilizama hadi madirishani, na pengine hadi paani. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu wakakosa pa kulala. Shule zikageuzwa makambi.

Misaada ilikuja haraka: Chama cha Msalaba Mwekundu, mashirika ya Umoja wa Mataifa, balozi za nje, misikiti, makanisa, kampuni za hapa nchini na watu binafsi waliobeba magodoro kwenye magari yao. Siku za kwanza, wakati kila mtu alikuwa amelowa, mgawo ulikuwa rahisi. Ulipofika wakati wa kuamua nani apewe makazi mapya, orodha ikarudi mezani.

Serikali ya Rais Kikwete iliamua kuwahamishia waathirika Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kaskazini, ambako kila familia ingepata kiwanja na msaada wa kuanza kujenga. Sasa fikiria nyumba ya Kiswahili ya bondeni: vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na jiko. Mwenye nyumba anaishi chumba kimoja, au anaishi Tabata na huja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Vyumba vingine vina familia tano. Maji yaliingia vyumba vyote sawa. Kiwanja kinatoka kimoja. Wapangaji walilalamika mbele ya kamera na mbele ya maofisa, wakitaka kuhesabiwa kama waathirika, lakini mfumo mzima ulikuwa umejengwa juu ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

Waliokwenda Mabwepande nao walikuta mahema, vumbi na umbali. Mama lishe aliyekuwa akitembea dakika kumi hadi kwenye biashara yake Kariakoo sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi ambayo ingekula faida yote. Wengi waliuza viwanja au kuvipangisha, kisha wakarudi bondeni. Magazeti yaliwaita wakaidi. Kwa hesabu ya mwenye duka la mtaji wa shilingi elfu ishirini, kurudi kulikuwa ndiyo akili.

Mabasi bondeni

Wakati mahema yanasimamishwa Mabwepande, mradi mwingine wa fedha za nje ulikuwa unaanza bondeni. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kampuni ya Strabag ilijenga kuanzia 2012 njia ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Januari 2017 Rais Magufuli akauzindua rasmi mradi huo.

Karakana kuu ya mabasi hayo ilijengwa wapi? Bondeni Jangwani. Eneo ambalo mipango miji ya miaka ya nyuma ililiweka kando kama njia ya maji, ambalo wakazi wake waliambiwa wahame kwa usalama wao, likamwagiwa zege kwa ajili ya mabasi. Mafuriko ya 2017 na 2018 yakaingia karakanani, mabasi kadhaa yakaharibika, na kila mvua kubwa ilipofunga Barabara ya Morogoro, mji ulikatika vipande viwili. Mkopo ule unalipwa na nani? Na Watanzania wote, wakiwemo waliobomolewa nyumba zao palepale jirani kwa sababu bonde si salama.

Kwa maana Desemba 2015 bomoabomoa ilikuwa imepita. Alama za X zilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za bondeni, na matingatinga yakafuata kabla ya mwaka kuisha. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2016 wakapata zuio la muda. Lakini zuio lilimlinda aliyekuwa kwenye kesi. Orodha nyingine tena, na safari hii ya walalamikaji.

Bonde linabadilishwa

Mwaka 2018 serikali na Benki ya Dunia, kwa msaada wa Uingereza, zilikusanya wataalamu, maofisa na wakazi kwa mfululizo wa warsha ili kupanga mustakabali wa Msimbazi. Matokeo yake ni Mradi wa Maendeleo ya Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia, huku Hispania na Uholanzi zikiongeza hadi kufikia takriban dola milioni 260. Kwa mujibu wa mpango huo mto utapanuliwa na kuongozwa, kwenye Barabara ya Morogoro litajengwa daraja refu la mita 390, karakana ya mabasi itahamishwa, na sehemu kubwa ya bonde itakuwa bustani ya mji. Kwa maneno mengine, mkopo mpya unarekebisha kosa lililofadhiliwa na mkopo wa zamani.

Nyumba zilizokuwa bondeni zilianza kubomolewa mwaka 2024, safari hii baada ya fidia. Hapa historia inapata mabadiliko ya kweli. Kanuni za Benki ya Dunia zinataka mkopaji awahesabu wote wanaoathirika, hata asiye na hati ya ardhi, na hata mpangaji, ingawa kila mmoja ana haki tofauti. Hilo si jambo dogo. Daftari la balozi halikufanya hivyo, viwanja vya Sinza havikufanya hivyo, na Mabwepande haikufanya hivyo. Wakazi wa bonde walibishana kwa miezi juu ya viwango vya malipo, hasa thamani ya ardhi iliyotangazwa kuwa ya hatari, na serikali ikalazimika kukaa nao mara kwa mara. Mabishano hayo ya wazi yenyewe ni dalili kwamba orodha imetoka kabatini.

Linalobaki ni mpangaji. Kuhesabiwa siku ya tathmini kunampa stahili ya siku ile, lakini miaka michache ijayo, bustani itakapokuwa imeota na daraja limesimama, kodi ya chumba kuanzia Magomeni hadi Kariakoo itapanda, kama ilivyopanda Hananasifu. Hakuna mhisani anayeandika mkataba na mwenye nyumba. Kazi hiyo ni ya serikali yetu wenyewe: sheria ya upangaji inayomlinda anayekaa chumba kimoja, nyumba za kupangisha za bei nafuu karibu na soko ambalo watu hawa wanalihudumia, na sehemu ya thamani itakayozaliwa na bonde jipya itengwe kwa ajili yao.

Kabla ya hayo kuna jambo dogo linaloweza kufanyika kesho bila mkopo wowote. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wa matangazo. Kila orodha ya msaada, iwe ya unga, ya ruzuku au ya fidia, ibandikwe hapo na majina yote, pamoja na ya wapangaji, kwa muda wa kutosha watu kuisoma baada ya kazi na kuipinga. Balozi wa miaka ya 1970 aliweza kugawa apendavyo kwa sababu daftari lilikuwa mfukoni mwake. Dola milioni 260 hazina kinga dhidi ya mfuko kama ule, ila zikiwekwa mahali ambapo kila mtu wa Jangwani anaweza kuweka kidole chini ya jina lake.